Makala ya Pili: Vyama vya Waandishi wa Kijeshi na Malezi ya Wanachama Wapya

Novemba 1920, Infantry Journal, jarida la chama cha maofisa wa askari wa miguu wa Marekani, lilichapisha makala kuhusu vifaru. Mwandishi alikuwa ofisa wa miaka 30, Dwight Eisenhower, ambaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilikwisha kabla hajavuka bahari kwenda kupigana. Alisema vifaru vilivyotumika Ufaransa vilikuwa vizito, vya polepole na vyenye kuharibika ovyo, na kwamba haikufaa kuendelea kukihukumu kifaru kwa mapungufu ya matoleo yake ya kwanza. Mwaka huohuo rafiki yake, George Patton, aliandika hoja iliyokuwa jirani na hiyo. Kwa simulizi ya Eisenhower mwenyewe, aliyoiandika akiwa mzee na rais mstaafu, aliitwa na mkuu wa askari wa miguu akaambiwa kwamba mawazo yake si ya makosa tu, ni ya hatari. Ayafiche. Akichapisha tena jambo lisilopatana na mafundisho rasmi, atafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Alirudi katika jarida hilohilo mwaka 1927, safari hii akieleza masomo ya chuo cha kijeshi cha Leavenworth. Makala haikuwa na jina lake. Mwandishi alijitambulisha kuwa ni mhitimu kijana, basi.

Kati ya makala hizo mbili ilipita takriban miaka saba. Chama kilikuwa na jarida, wanachama, ada na ofisi, na bado kilishindwa kumlinda kijana aliyefanya kile ambacho chama kilianzishwa kukifanya. Ndiyo maana, kila ninaposikia vyama vya waandishi wa kijeshi vikijisifu kwa idadi ya wanachama wapya, napenda kuuliza habari ya makala ya pili. Ya kwanza inaweza kuletwa na hasira, na bahati, na zawadi ya fedha, hata na amri ya mkufunzi. Ya pili ina ugumu wake. Wakati huo mwandishi ameshajua bei ya kuandika, na akikubali kuilipa tena, ujue kuna mtu au taratibu zilizomshika mkono.

Vyama vya namna hii si jambo la juzi. Gerhard von Scharnhorst alipohama kutoka Hanover kuingia jeshi la Prussia mwaka 1801, alikuta maofisa wanaojua kwata kuliko kusoma. Yeye na wenzake wakaunda Militärische Gesellschaft mjini Berlin, chama kilichokutana kila wiki kusikiliza karatasi za wanachama na kuzijadili. Kilidumu hadi 1805, Prussia ilipoanza kukusanya majeshi yake, wanachama wakarudi vikosini. Mwaka uliofuata Napoleon akalivunja jeshi hilo huko Jena na Auerstedt. Walioshughulika kulijenga upya, Scharnhorst akiwa mbele na watu kama Boyen na Grolman wakiwa naye, walikuwa wamezoeana na kubishana katika vikao vile vya Berlin.

Mmoja wa vijana wa vikao hivyo alikuwa luteni aliyeitwa Carl von Clausewitz. Mwaka 1805, akiwa na miaka 25 hivi, alichapisha makala ya kumpinga Heinrich von Bülow, mwandishi wa mambo ya vita aliyesomwa sana wakati huo. Naye hakutia jina. Kinachonivutia katika chama kile ni kwamba kilitoa maswali na kuyawekea zawadi za insha. Kijana hakuambiwa aandike tu chochote kinachomgusa. Alipewa jambo la kulitafuna, akajua kuna watu wanaosubiri jibu, na akajua kwamba jibu litapingwa mbele yake. Vyama vingi vya leo hutoa wito wa makala usio na swali ndani yake: tuletee maoni yako kuhusu uongozi, kuhusu usalama, kuhusu mabadiliko. Mtu mpya akipewa uwanja mpana kiasi hicho ataandika hotuba.

Hili la maswali ndilo lililomtoa Alfred Thayer Mahan, ofisa wa majini wa Marekani. Oktoba 1873, maofisa 15 walikutana katika chuo cha wanamaji cha Annapolis wakaanzisha kile kinachoitwa leo U.S. Naval Institute. Wakati huo jeshi la majini la Marekani lilikuwa limechakaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka minane iliyopita, meli zimezeeka, vyeo havipandi, na wanasiasa wamegeukia reli na mashamba ya magharibi. Mwaka uliofuata wakaanza kuchapisha Proceedings, na baada ya miaka michache wakaweka shindano la insha la kila mwaka. Swali la 1879 lilihusu elimu ya wanamaji. Mahan, aliyekuwa anakaribia miaka 40 na ambaye hakuwa amechapisha chochote cha maana, alishika nafasi ya tatu.

Ya tatu! Walioishika ya kwanza na ya pili hawakumbukwi na mtu yeyote nje ya maktaba za wanamaji. Lakini insha ya mshindi wa tatu nayo ilichapishwa, na huo uamuzi mdogo wa kiofisi una uzito kuliko medali. Mwaka 1883 Mahan akatoa kitabu kuhusu mapigano ya majini katika Ghuba ya Mexico na mito ya bara wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1884 Stephen Luce, ambaye alikuwa miongoni mwa wasomaji wa kwanza wa karatasi katika Naval Institute, alianzisha chuo cha vita huko Newport akamwita Mahan akafundishe. Mihadhara yake ya huko ndiyo iliyogeuka kitabu cha 1890 kuhusu nguvu za baharini, kilichosomwa London, Berlin na Tokyo. Toka insha ya nafasi ya tatu hadi kitabu kile ni miaka 11. Chama kinachopima malezi kwa ripoti ya robo mwaka kingekuwa kimeshafuta jina lake.

Waingereza walijaribu dawa nyingine. Mwaka 1912 kundi la maofisa wa majini, wakiwemo Herbert Richmond na Kenneth Dewar, walichoka kuona kwamba katika jeshi lao fikra ilikuwa mali ya maadmeri. Wakaunda jumuiya na jarida, Naval Review, lililoanza kutoka 1913. Lilisambazwa kwa wanachama peke yao, na waandishi hawakutaja majina. Mhariri, Admeri William Henderson, alikuwa mstaafu asiye na cheo cha kupoteza, akaishika kazi hiyo hadi 1931. Luteni aliweza kumkosoa admeri ukurasa kwa ukurasa, naye admeri akajibu bila kujua anajibizana na mtoto wa juzi.

Je, kuficha jina kulitosha? Hakukutosha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wakubwa wa wizara ya majini walilisimamisha jarida mwaka 1915, na halikurudi hadi 1919. Miaka ile minne ndiyo iliyokuwa na mengi ya kuandikwa. Hata hivyo naona Waingereza walielewa jambo ambalo Wamarekani wa 1920 hawakulielewa: anayemtia hofu mwandishi mpya jeshini ni msomaji mmoja tu, yule anayeijaza fomu yake ya tathmini. Umma haumtishi. Mfiche mwandishi kwa msomaji huyo na nusu ya hofu imeondoka. Hasara yake ni kwamba asiye na jina hajengi jina, na mhariri wa jarida lingine hana wa kumtafuta. Mimi ningependekeza ruhusa ya kuficha jina katika makala mbili za mwanzo, halafu mtu ajitokeze.

Kuna hofu nyingine ambayo ni halali, nayo ni siri za jeshi. Hapa vyama vingi huyumba kwa sababu haviandiki kanuni inayosomeka. Idadi ya askari katika kambi, masafa ya redio, njia za doria, uwezo halisi wa silaha, mipango ya operesheni inayoendelea: hizo ni siri, na mwandishi anayezigusa anastahili kuzuiwa na chama chake mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Lakini kwamba zoezi la mwaka jana lilichelewa kwa sababu hakuna aliyekagua matairi, hiyo ni aibu. Wakubwa hupenda kuigonga aibu muhuri wa siri. Chama kikiweza kumwambia mwanachama mpya, kwa maandishi na kwa mifano, wapi siri inaishia na aibu inaanzia, kitakuwa kimempa kitu ambacho semina tano za sarufi haziwezi kumpa. Na kikiwa na mstaafu mwenye heshima wa kupiga simu makao makuu kumtetea, bora zaidi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu ni hapa ambapo wengi hupotea kimya kimya. Tuseme luteni wa usafirishaji ameleta andiko lake la kwanza. Amelipanga kama alivyofundishwa chuoni: aya zimepewa namba, kuna lengo, kuna usuli, kuna changamoto, kuna mapendekezo. Sentensi ya kwanza inasema lengo la andiko ni kuainisha changamoto za usafirishaji katika mazingira ya operesheni. Hakuna mtu anayefanya lolote. Mambo yote "yalifanyika", "yalibainika", "yalielekezwa". Kisha katika aya ya 14, ndani ya mabano, kuna habari kwamba msafara ulikwama kivukoni kwa saa 11 kwa sababu kamba ya chuma ya kuvutia magari ilikuwa imepakiwa kwenye lori la nyuma kabisa, na barabara haikuwa na nafasi ya lori hilo kupita mbele.

Mhariri mvivu atarekebisha herufi kubwa na vituo, achapishe, au akatae kwa barua ya mistari miwili. Mhariri mzuri atainyanyua ile aya ya 14 aiweke juu, kisha arudishe andiko na maswali. Nani hupanga mpangilio wa magari? Kanuni inasemaje kuhusu mahali pa kamba? Kama inasema, mbona haikufuatwa? Na kama haisemi, wewe ungeiandikaje? Dereva wa lori la nyuma alisema nini? Luteni akiyajibu maswali hayo atajikuta ana makala ambayo kamanda wa kikosi chochote, katika nchi yoyote, ataisoma hadi mwisho. Zaidi ya hapo, atakuwa amejua namna ya kuitafuta kamba katika tukio linalofuata.

Siku za kusubiri majibu nazo zina uzito wake. Raia akikaa miezi minne bila jibu hukasirika akapeleka kazi yake kwingine. Askari katika miezi hiyo minne atakuwa amepelekwa kozi, au ulinzi wa amani nje ya nchi, au wilaya isiyo na mtandao wa maana. Jeshi huhamisha watu, ndiyo desturi yake. Chama kinachomkabidhi mwanachama mpya kwa mlezi wa kambi moja naye, kwa kuwa ni rahisi kukutana bwaloni, hugundua baada ya mwaka kwamba mlezi yuko kaskazini na mlelewa kusini. Uhusiano uwe wa mtu na mhariri wa jarida, anwani isiyohama, hata kama wote wawili hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Ukitaka kuona ngazi fupi zinavyofanya kazi, rudi Annapolis. Kurasa za barua na majibu ndani ya Proceedings zimekuwa mahali pa mjadala mkali kwa miongo mingi, na ni mlango wa chini kabisa: aya tatu, hoja moja, jina. Miaka ya mwanzo ya 1980 wakala mmoja wa bima kutoka Maryland, aliyependa mambo ya manowari, alipitia mlango huo kwa barua na kisha makala fupi. Mwaka 1984 Naval Institute, ambayo haikuwa na kawaida ya kuchapisha riwaya, ilimchapishia ya kwanza. Ilikuwa The Hunt for Red October na wakala wa bima ni Tom Clancy. Alikuwa raia kabisa. Wapo wanaoona chama cha waandishi wa kijeshi ni cha waliovaa sare tu, na nawaelewa, lakini riwaya ile ililiingizia shirika mapato na wasomaji ambao makala za mbinu za kivita haziwezi kuwaleta.

Baada ya miaka mia moja ya kubahatisha, jeshi la nchi kavu la Marekani limeamua kulichukua suala hili rasmi. Mwaka 2023, chini ya Jenerali Randy George, mkuu wake wakati huo, lilianzisha Harding Project, mpango wa kuyafufua majarida ya matawi yake yaliyokuwa yamedhoofika. Jina ni la Edwin Forrest Harding, ofisa aliyesimamia utayarishaji wa kitabu Infantry in Battle cha 1934 pale Fort Benning, kisha akalihariri Infantry Journal, lilelile lililokuwa limemchapisha Eisenhower, na kuligeuza kuwa uwanja wa mabishano ya kweli. (Harding mwenyewe aliondolewa kwenye ukamanda wa divisheni yake huko Buna, New Guinea, mwishoni mwa 1942. Kuwa mhariri hodari hakumhakikishii mtu mwisho mwema vitani.) La busara zaidi katika mpango huo, kwa maoni yangu, ni kuchagua maofisa, kuwapeleka shule, kisha kuwaweka kwenye kiti cha uhariri kama kazi ya jeshi, yenye muda na cheo chake. Tatizo ni kwamba mpango unaozaliwa na mkuu mmoja waweza kuzikwa na mkuu mwingine. Chama huru hakina hatari hiyo. Chenyewe hufa kwa kukosa fedha.

Vyama huru vipo. Military Writers Society of America hutoa tuzo za vitabu kila mwaka, jambo zuri kwa mstaafu aliyemaliza kuandika kumbukumbu zake. Military Writers Guild, kilichozaliwa katika muongo wa 2010 miongoni mwa maofisa vijana waliofahamiana mtandaoni, kiliegemea upande wa kusaidiana katika kazi: kusomeana rasimu kabla hazijamfikia mhariri. Mwaka 2019 wanachama wake walishiriki kutoa mkusanyo wa insha kuhusu ufundi wenyewe wa kuandika vita, Why We Write. Kati ya mifano hii miwili nauchagua wa pili bila kusita. Tuzo humkuta mtu ameshafika. Mwanachama mpya anataka msomaji wa rasimu Jumanne usiku.

Na huku kwetu? Askari wa Afrika Mashariki wameandika tangu zamani, wakipewa pa kuandikia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na magazeti ya wanajeshi, Askari na Heshima, na gazeti la Kiswahili la Nairobi, Baraza, lililoanza 1939. Barua za askari wa King's African Rifles (KAR) zilifika huko zikilalamikia mishahara, chakula na dharau, zikibishana. Robert Kakembo wa Uganda akaenda mbele zaidi akatoa kitabu kidogo, An African Soldier Speaks, mwaka 1946. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma kabla ya kuingia msituni, alichapisha Mau Mau General mwaka 1967. Kisha Pecos Kutesa wa Uganda akatoa simulizi yake ya vita vya msituni mwaka 2006. Ni watu mmoja mmoja, kila mmoja akijitegemea, na vitabu vyenyewe viko kwa Kiingereza.

Majeshi yana magazeti yake ya taasisi, na Kenya imetoa kitabu rasmi cha operesheni yake ya Somalia, Operation Linda Nchi, mwaka 2014. Vyuo vya ukamanda na unadhimu vya Duluti (Tanzania), Karen (Kenya) na Kimaka (Uganda) huwatoa kila mwaka maofisa walioandika karatasi ndefu. Karatasi hizo zingeweza kuwa makala ya kwanza ya mamia ya waandishi, lau kungekuwa na chama chenye mhariri wa kuzipokea, kuchuja siri na kupindua aya ya 14 ikawa ya kwanza. Kwa Tanzania sioni sababu kazi hiyo isifanyike kwa Kiswahili. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huamrisha, hufundisha na hugomba kwa Kiswahili. Sajini mwenye miaka 20 kazini ana mengi ya kusema kuhusu kulea askari wapya, na akitakiwa ayaandike kwa Kiingereza hatayaandika.

Tazama Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Kitabu cha Kiswahili kinachotajwa zaidi, Kuzama kwa Idi Amin cha 1980, kiliandikwa na mwandishi wa habari, Baldwin Mzirai. Kile cha Kiingereza cha Tony Avirgan na Martha Honey, cha 1982, nacho ni cha waandishi wa habari. Wamefanya kazi kubwa, na bila wao tungekuwa na hotuba tu. Lakini luteni aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1978 leo ni mzee. Mwanachama mpya wa chama cha waandishi wa kijeshi si lazima awe kijana. Anaweza kuwa mzee huyo, anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza nje ya ripoti.

Swali la shindano la kwanza si la kutafuta mbali. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Kyaka, na katika mwezi huohuo wahandisi wa JWTZ wakaweka daraja la muda juu ya Mto Kagera. Vipande vyake vilisafirishwaje hadi mtoni, nani alipanga zamu, kitu gani kilikosekana, na kipi kingefanywa tofauti leo? Maneno elfu tatu, kwa Kiswahili, jina likifichwa kwa atakaye, na insha tatu za juu zote zichapwe.